Wiki moja Malta na mama: mpango wetu wa Oktoba

Asalaam aleikum, hamjambo ndugu zangu wa Tanga na popote mnaponitazama. Leo niko jikoni kwangu hapa Hamburg, na hii ramani mnayoiona mezani ni ya Malta, nchi ya visiwa kusini mwa Ulaya. Mama anakuja kunitembelea, inshallah, na wiki moja ya Oktoba tutakwenda kuota jua.

Wengi mlinishauri nimpeleke Ugiriki au Hispania. Malta nimeichagua kwa ajili ya masikio ya mama. Kiingereza hakijui, lakini kule atasikia maneno mengi yenye asili ya Kiarabu yanayofanana na ya Kiswahili chake. Niliwahi kufanya kazi na Mmalta. Siku moja akanitajia bei kwa lugha yao, nikampa hela kabla hajanifasiria! Sikilizeni: sitta, sebgħa, disgħa. Halafu għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin. Mia ni mija, elfu ni elf. Alhamisi ni il-Ħamis, Ijumaa ni il-Ġimgħa, dunia ni dinja. Waarabu walikitwaa kisiwa mwaka 870, na utawala wao ulipokwisha lugha ilibaki. Leo inaandikwa kwa herufi za Kilatini, na ni moja ya lugha rasmi za Umoja wa Ulaya. Wengi wao ni Wakatoliki, na Mungu wanamwita Alla. Hata Kwaresima wanaiita Randan, neno lile lile la Ramadhani. Nataka mama ayasikie haya kwa masikio yake.

Sasa viza, maana hapa ndipo watu wanapopoteza hela. Mimi nina kibali cha kuishi Ujerumani, kwa hiyo Malta naingia bila viza nyingine. Mama ana pasi ya Tanzania, anahitaji viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani na Malta zikiwemo. Maombi yanapelekwa kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, na kwetu ni Ujerumani, siyo Malta. Ada ni yuro 90. Bima ya safari lazima ifike yuro 30,000 na ihusu nchi zote za Schengen. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla ya safari, basi omba mapema, tafadhali. Na Malta itajeni kwenye fomu, msiifiche. Viza ya kuingia mara moja inatosha, kwa sababu kutoka Hamburg kwenda Malta hujatoka Schengen.

Tutafikia Mellieħa, upande wa kaskazini. Chini yake kuna ufukwe wa Għadira, mchanga mtupu, na unaingia baharini mbali kabla maji hayajafika kiunoni. Mama wa Tanga atashangaa jambo moja: bahari ile karibu haipwi. Hakuna bamvua, hakuna kusubiri maji yajae. Utakapoyaacha asubuhi ndipo utakapoyakuta jioni.

Jumapili tutakwenda Marsaxlokk, kijiji cha wavuvi, siku ya soko la samaki. Mashua zao zinaitwa luzzu, zimepakwa buluu, njano na nyekundu, na kila moja ina macho mawili kwenye omo. Waliofika Lamu wanayajua macho ya namna hiyo kwenye majahazi. Hapo nitapiga video ndefu, nawaahidi.

Blue Lagoon, ile ghuba maarufu ya kisiwa kidogo cha Comino, naiacha. Maji yake ni mazuri kweli, lakini ni miamba, vivuli vichache na watu wamejazana. Mama anaumwa magoti. Badala yake tutavuka kwenda kisiwa cha Gozo. Kivuko kinaondokea Ċirkewwa, jirani na Mellieħa, ni kama dakika 25, na nauli unalipa wakati wa kurudi.

Kitu cha kukata tiketi miezi kabla ni Ħal Saflieni, makaburi ya chini ya ardhi yaliyochongwa kwenye mwamba zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mafundi waliyagundua mwaka 1902. Hewa ya mule inalindwa, hivyo wanaingia watu kumi tu kwa zamu. Mimi nimeshakata mbili, saa nne asubuhi. Ngazi tutashuka polepole.

Mama, najua unanitazama. Pasi yako iangalie tarehe leo hii: iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku utakayoondoka huku. Lete yale madera mepesi, khanga mbili za kuogea, na ndala za mpira, si zile za ngozi. Nje ya Għadira, pwani nyingi za kule zina mawe.