Kukata umeme makusudi: kujaribu usasishaji wa programu dhibiti kwa kiigaji

Mafundi na wanafunzi mliofika hapa Lamu, nawashukuru. Nimekuja na swali moja: kifaa kikiwa kinabadilishiwa programu dhibiti, yaani ile inayokiendesha kutoka ndani, na umeme ukakatika katikati ya kazi, kitawaka tena? Kwa kipima maji kilichofungwa Faza, kisiwani Pate, swali hili si la nadharia, kwani fundi anayekwenda kukifufua hungoja maji yajae ndipo chombo kipite mlango wa bahari wa Mkanda.

Kumbukumbu ya flashi, ambamo programu hiyo hukaa, haiandikwi juu ya maandishi ya zamani. Sharti kwanza kipande kizima kifutwe, aghalabu cha baiti 4,096, biti zake zote zirudi kuwa 1, kisha uandishi uzigeuze baadhi kuwa 0. Baina ya kufuta na kuandika, ya zamani imekwisha ondoka na mpya haijaingia. Kwa hiyo kifaa kilichoundwa vizuri huwa na nafasi mbili za kuwekea programu, ya zamani na mpya, pamoja na programu ndogo ya uanzishaji inayokagua saini ya kidijitali, yaani alama ya kuthibitisha kwamba programu ni halali na haijabadilishwa, kabla ya kuchagua ipi iendeshwe.

Wengi wetu huchomoa waya kwa mkono mara chache, kisha tukatangaza kwamba kazi ni salama. Ushahidi huo mimi siuamini, maana mkono hubahatisha. Katika kiigaji, yaani programu inayoiga kifaa, flashi huwa ni safu ya baiti ndani ya kompyuta; tunaendesha msimbo uleule wa uanzishaji na kuhesabu kila tendo la kufuta na kuandika. Yakiwa 3,000, tunarudia usasishaji mara 3,000, kila mara umeme ukikatwa tendo moja mbele zaidi, kisha tunawasha upya na kukagua kama programu iliyobaki ni nzima. MCUboot, mradi huria wa programu ya uanzishaji, una kiigaji cha namna hii, kilichoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo Rust.

Tuseme alama ya kukamilika inaandikwa kabla kipande cha mwisho hakijanakiliwa. Kiigaji kitaonyesha tendo lenyewe, na ukilirudia, hitilafu itatokea vilevile. Lisilojaribiwa sana, nami naliona zito zaidi, ni kukata umeme mara ya pili, wakati kifaa kinajiokoa.

Hata hivyo, kipande kilichokatizwa kikifutwa chaweza kusomeka kitupu sasa na baadaye kikasomeka vingine, kwa kuwa chaji ya umeme katika seli, vijumba vinavyohifadhi biti, haijatimia. Kiigaji nacho kiagizwe kurudisha takataka mahali hapo. Kisha kifaa halisi kiwekwe mezani, umeme wake ukikatwa na swichi inayoendeshwa na kompyuta.