Uzi Haulegei Bure: Mhadhara Kuhusu Kufunga Nyuzi za Gitaa

Ndugu zangu, leo narudia lile lile, na nitalirudia hadi lieleweke. Gitaa likipoteza sauti yake sahihi kila baada ya wimbo mmoja, anayelaumiwa ni uzi. “Nyuzi hizi mbovu.” Basi inanunuliwa pakiti mpya, inafungwa kwa namna ile ile ya mwanzo, na kesho yake malalamiko ni yale yale. Uzi wa chuma ukishavutika na kutulia hauna sababu ya kulegea kiasi hicho. Joto na unyevu huugusa kidogo, nakubali. Lakini gitaa lisilokaa sauti hata dakika kumi, tatizo lake liko pale uzi uliposhikwa: kwenye kigingi juu, kile kinachozungushwa kukaza uzi, au kwenye daraja chini, pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa.

Tuanze na kigingi, na hapa nitakaa sana, mnivumilie. Pitisha uzi kwenye tundu la kigingi, uvute hadi unyooke, kisha urudishe nyuma. Urudishe kiasi gani? Hapo ndipo watu wanapokisia. Kigingi cha kawaida kina kipenyo cha karibu milimita 6, kwa hiyo mzunguko mmoja unakula kama milimita 19 za uzi. Kwa nyuzi nene, zile zilizozungushiwa waya, unataka mizunguko miwili hadi mitatu: rudisha sentimita 5. Kwa nyembamba zisizo na waya juu yake unataka mitatu hadi minne: rudisha sentimita 6 hadi 7 na nusu. Kisha kunja uzi kwa kidole pale unapotokea tundu, uwe na kona kali, ndipo uanze kuzungusha.

Kwa nini nyembamba zidi? Kwa sababu ni laini, hazina mikwaruzo ya kushika. Ukiupa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, mzunguko mmoja tu, unateleza tunduni polepole na sauti inashuka bila wewe kuona kitu. Na wale wanaozungusha mara nane “ili ushike vizuri” wanajidhuru vilevile. Mizunguko ikipandana, ule wa juu unaukandamiza wa chini, na kila ukivuta uzi kwa kidole unapochapa, rundo linajibana kidogo na sauti inashuka tena. Mizunguko ikae safu moja, kila mmoja chini ya mwenzake, ikielekea ubao wa kichwa. Hivyo uzi unateremka kwa pembe hadi kwenye kile kipande cha mfupa chenye mifereji sita mwishoni mwa shingo, na unakikandamiza vizuri. Bila mkandamizo huo uzi hulia kama unazomea. Upite upande wa kigingi ulio mbali na kishikio cha kuzungushia. Na usikate mkia kabla ya kuukunja. Uzi wenye waya ukikatwa ungali umenyooka, waya wa nje unaweza kuachia kiini chake, na hapo uzi mpya kabisa unatoa sauti iliyokufa.

Najua mtu ataniambia: mbona wapo wanaofunga nusu mzunguko tu na magitaa yao yanakaa? Vigingi vyao vina kibano ndani. Kibano ndicho kinachoshika, si mizunguko. Kama chako hakina, usiwaige.

Mwingine atasema usitoe nyuzi zote kwa pamoja, shingo itapinda. Si kweli. Shingo iliyozoea mvuto wa karibu kilo 70 haiharibiki kwa kupumzika saa moja, na huo ndio wakati pekee wa kusafisha freti, zile fito za chuma zilizokatiza shingo, sawasawa. Gitaa la kubadilishwa uzi mmoja mmoja ni lile ambalo daraja lake halikugandishwa, linashikwa na nyuzi zenyewe, na lile la umeme ambalo daraja lake linaelea juu ya springi. Mengine yote, toa tu. Ila legeza kwanza! Uzi uliokaza ukikatwa kwa koleo unaruka, na jicho halina akiba.

Sasa daraja, haraka. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma lenye pini, vile vijiti vinavyobana nyuzi darajani, mfereji wa pini utazame upande wa uzi. Ingiza uzi, weka pini bila kuigandamiza, kisha vuta uzi juu hadi kile kipete cha shaba mwishoni mwake kigote chini ya ubao. Kikikaa kwenye ncha ya pini, pini itapanda kila unapokaza, na kuigonga kwa nyundo hakusaidii chochote.

Ukifika sauti yake (E, A, D, G, B, E kutoka nene hadi nyembamba), shika kila uzi karibu na freti ya 12, uinue taratibu sentimita mbili tatu, tyuni tena. Rudia hadi sauti isishuke. Sauti ikizidi, ishushe chini ya noti halafu panda. Usiishie kwa kulegeza. Ukisikia “tik” unapokaza, uzi umenasa kwenye mfereji wa kile kipande cha mfupa: paka humo unga wa penseli.

Muda unakwisha na sijagusa nailoni, nayo ina mengi. Basi haya tu. Nyuzi za chuma zisiwekwe kamwe kwenye gitaa la nailoni. Nailoni huvuta karibu kilo 40 zote sita kwa pamoja. Chuma kitang’oa daraja au kutunisha ubao. Nailoni hufungwa fundo darajani, nyembamba zikizungushwa mara mbili au tatu kwenye kitanzi chake, nene mara moja, na mkia ubanwe nyuma ya ukingo wa daraja. Na huchukua siku kadhaa kutulia, hata zikifungwa vizuri.

Uzi ukikatika mahali pale pale mara mbili, usinunue wa tatu kwanza. Pitisha kidole hapo, utaukuta ukingo mkali. Ulainishe kwa msasa laini, ndipo ufunge mwingine.