Mla Mkaratusi

Asanteni, karibuni tukae. Kabla sijasema neno, naomba tawi hili lizunguke, lianzie kwenu mliokaa mbele. Nimelikata asubuhi kwenye mkaratusi ulio nyuma ya ukumbi huu. Likikufikia, chuma jani moja, lifikiche kwa vidole, unuse. Usilitafune tu.

Harufu hiyo aliyelelewa na bibi anaijua: sufuria ya maji ya moto, blanketi kichwani, mafua yanatoka pamoja na machozi. Kwetu ni dawa. Lakini mti huu asili yake ni Australia, na mafuta hayo yanayopanda puani haukuyatengeneza kwa ajili ya kifua chako. Ni silaha, mti hautaki kuliwa. Jani lenyewe ni gumu, nyuzi tupu, protini kiduchu, na juu ya hapo lina sumu. Mbuzi anayetafuna hata katoni, mkaratusi anaupita.

Sasa yupo mnyama aliyelifanya jani hilo kuwa staftahi, chakula cha mchana na daku. Koala mkubwa hula kati ya gramu 500 na kilo moja ya majani kwa siku, zaidi usiku.

Wengi humwita dubu koala. Si dubu hata kidogo. Ndugu yake wa karibu ni wombati, mnyama mnene mchimba mashimo, na wote wawili wamo katika kundi la kangaruu, wale wanaolea watoto mfukoni. Porini utamkuta Australia tu, mashariki na kusini-mashariki, kuanzia Queensland kushuka New South Wales na Victoria hadi jimbo la Australia Kusini.

Sifa iliyomfikisha kote duniani ni usingizi. Anaweza kulala saa 20 kwa siku, na watu wanamcheka kuwa ni mvivu. Mimi namtetea. Fuata safari ya jani lile. Kwanza analinusa, maana si kila mkaratusi anaugusa, na hata kwenye mti mmoja huchagua. Kisha analisaga vizuri. Likishafika tumboni, ini linaanza kupambana na sumu; mwaka 2018 wanasayansi waliposoma jenomu yake nzima, yaani jeni zake zote kwa jumla, waliona jeni za kutengeneza vimeng'enya vya kuondoa sumu zimeongezeka kuliko kawaida. Halafu kuna utumbo. Pale utumbo mwembamba unapokutana na mpana pana kifuko. Chetu ni kifupi kama kidole. Chake kinafika mita 2, na mwenyewe hata mita moja hafiki! Humo bakteria wanachachua nyuzi kwa siku kadhaa. Baada ya kazi yote hiyo, nguvu anayoambulia ni ndogo sana. Mwenye mshahara wa kima cha chini hapandi teksi kila siku. Analala kwa sababu amepiga hesabu.

Hata joto analikwepa kwa ubahili huohuo. Siku za jua kali utamwona kajilaza kifudifudi kwenye shina, mikono na miguu inaning'inia, tumbo limegandamana na gome. Utafiti uliotolewa 2014 ulipima kwa kamera za joto ukakuta mashina yale yana ubaridi kuliko hewa iliyoyazunguka. Anajipoza bila kupoteza maji kwa kuhema.

Mkono wake una vidole gumba viwili, vinavyokabiliana na vitatu vilivyobaki, ndiyo maana hushika tawi sawasawa huko juu. Na ana alama za vidole kama zako.

Ukimya wake nao usikudanganye. Mliolala karibu na misitu ya Usambara au Kilimanjaro mnamjua perere, kinyama kidogo kinachokoroma usiku hadi mgeni anatafuta panga. Dume la koala ni hivyohivyo msimu wa kutafuta majike: mkoromo mzito ambao ungedhani ni wa mnyama mkubwa mara nyingi zaidi. Mwaka 2013 ilielezwa kwamba ana jozi ya ziada ya nyuzi za sauti, nje ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni.

Lakini lililonivuta mimi kwa mnyama huyu ni malezi. Mimba huchukua siku 35 hivi. Mtoto anazaliwa ana sentimita 2, kama punje ya haragwe, hata gramu moja hatimizi, kipofu, hana manyoya. Anatambaa mwenyewe hadi mfukoni, anang'ata chuchu, anabaki humo miezi sita. Kisha linakuja tatizo: ataachaje ziwa, wakati chakula kinachomngoja ni sumu na tumboni hana bakteria wa kukichachua? Mama anatoa uji. Naomba wanaokula karanga wasubiri kidogo. Uji huo ni kinyesi laini cha pekee, kutoka kwenye kile kifuko kirefu, nao umejaa bakteria. Mtoto anatoa kichwa mfukoni na kuula. Ndivyo anavyolikizwa.

Uzito wa jambo hilo ulionekana Cape Otway, Victoria, mwaka 2013. Koala walizidi, wakamaliza majani ya aina ya mkaratusi waliyoizoea, wakafa kwa njaa wengi, huku mikaratusi ya aina nyingine imesimama na majani yake jirani. Baadaye watafiti waliwapa baadhi ya koala vidonge vyenye bakteria wa kinyesi cha wenzao waliozoea aina ile ya pili, na baadhi yao wakaanza kuila zaidi.

Maadui wengine nitawataja kwa haraka: mapanga yanayofyeka misitu, magari, mbwa, ugonjwa wa klamidia, moto mkubwa wa 2019 na 2020. Mwaka 1927 Queensland iliruhusu msimu wa uwindaji, ngozi zaidi ya laki tano zikachukuliwa. Februari 2022 serikali ya Australia iliwaweka koala wa Queensland, New South Wales na eneo la mji mkuu katika orodha ya walio hatarini kutoweka.

Naona tawi limerudi. Na jani hili lina alama ya meno. Nani huyo? Tema, ndugu yangu, maji yapo pale mlangoni.