Erthi, Chumvi na Kitambaa cha Kanga: Leo Tunafungua Vyombo

BESI: Karibuni tena, wapenzi wa muziki. Mimi nipo kwenye besi kama kawaida, na mdogo wangu wa solo huyu hapa. Leo hatupigi, tunafungua vyombo.

SOLO: Shikamoo kaka, na shikamooni wakubwa zetu mnaosikiliza.

BESI: Marahaba. Anza na lile la Jumamosi, maana ulinitia hofu.

SOLO: Tulikuwa baa moja hapa Dar. Mkono wa kushoto uko kwenye nyuzi, nikasogea kwenye maiki niitikie kibwagizo. Mdomo ulipogusa tu ule wavu wa maiki, nikapigwa shoti. Midomo ikafa ganzi, machozi yakanitoka. Watu wanaendelea kucheza, hakuna aliyejua.

BESI: Ulipofuata waya wa amplifaya ukakuta nini?

SOLO: Plagi imekatwa ile pini kubwa ya juu. Mtu aliikata ili iingie kwenye ekstensheni ya matundu mawili.

BESI: Hiyo pini ndiyo erthi, njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja. Sikilizeni vizuri, vijana. Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa na brigi, kile chuma kinachozishikilia, brigi na waya wa ndani, waya na jeki, jeki na bodi ya amplifaya, yaani kasha lake la chuma. Ukishika nyuzi, umeshika bodi. Kama bodi haina erthi na ndani kuna hitilafu, umeme unakusubiri wewe uwe njia. Maiki nayo imeungana na mikisa, mashine ya kuchanganyia sauti, upande wa pili. Mkono huku, mdomo kule, na moyo uko katikati.

SOLO: Na watu wamekufa kwa hili.

BESI: Wamekufa. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows ya Uskoti, alifia jukwaani Swansea, Mei 1972, aliposhika maiki isiyo na erthi. Hapo tunazungumzia Uingereza, penye mafundi na vifaa. Mimi siku hizi natembea na mita ya kupimia umeme kwenye begi. Kabla ya kuimba naiweka kwenye volti za AC, yaani umeme wa ukutani, ncha moja kwenye nyuzi, nyingine kwenye wavu wa maiki. Ikisoma zaidi ya volti chache, sipandi jukwaani mpaka waya urekebishwe. Mwenye ukumbi akinuna, na anune.

SOLO: Kuna wanaovika maiki sponji.

BESI: Sponji inasaidia mdomo usiguse chuma, lakini tatizo liko palepale. Na mlio wa amplifaya unasema mengi. Gitaa likivuma, ukashika nyuzi uvumi ukapungua, hiyo ni kawaida, hasa kwa pikapu, zile sumaku za gitaa zinazonasa mlio wa nyuzi, za koili moja. Ukishika uvumi ukaongezeka, chomoa jeki, kagua erthi.

SOLO: Nami niliwahi kuunguza amplifaya. Niliinunua mtumba, imetoka Marekani. Nyuma imeandikwa 120V, sikusoma. Nikaichomeka ukutani, ikatoa harufu ya plastiki kabla sijapiga hata noti moja.

BESI: Umeme wetu ni volti 230. Unahitaji transfoma ya kushusha, tena iwe kubwa. Amplifaya yenye wati 100 za sauti huvuta ukutani zaidi ya wati 100, na zile za valvu, zenye taa za kioo ndani, ndiyo zaidi. Halafu za valvu usizifungue mwenyewe. Kapasita zake, vile vifaa vinavyotunza umeme, zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400 hata ukishachomoa. Hiyo mpe fundi anayeijua.

SOLO: Tuje kwenye gitaa lenyewe. Sisi wa pwani tuna jasho, tuna unyevu, tuna upepo wa chumvi. Nyuzi ninazoweka leo, wiki ya pili zimeshakuwa nyeusi pale vidole vinapokaa.

BESI: Unafuta?

SOLO: Kila nikimaliza. Nina kipande cha kanga kuukuu, pamba imeshalainika. Nakipitisha juu ya uzi, halafu chini yake, maana kutu huanzia kule usikokuona. Ndani ya begi naweka vile vipakti vinavyokuja na viatu vipya, vinanyonya unyevu.

BESI: Kuna jamaa alisikia mafuta ya limau yanasafisha ubao wa vidole, akapaka maji ya ndimu. Ndimu ni asidi! Frati, vile vyuma vya kwenye ubao, zikabadilika rangi.

SOLO: Na potensiometa zikikwaruza, ile kwarakwara ya volyumu, wengine wanamwagia mafuta ya taa. Tumia dawa ya kusafishia viungio vya umeme, tone dogo, kisha zungusha kitufe mara 20 au 30, huku na huku. Mara nyingi ni vumbi tu. Mimi niliwahi kutozwa hela ya potensiometa mpya wakati ile ya zamani ilikuwa nzima.

BESI: Na kuchemsha nyuzi?

SOLO: Nimechemsha sana nilipokuwa sina hela. Grisi inatoka, sauti inang'aa kidogo, siku mbili tatu basi. Nyuzi za besi ni ghali, naelewa anayechemsha.

BESI: Nina seti kwenye sufuria nyumbani sasa hivi. Haya, ile plagi umekuja nayo?

SOLO: Hii hapa, na pini mpya nimenunua.

BESI: Nipe bisibisi. Waya wa kijani wenye mstari wa njano ndio unaanza.