Usisubiri ubwiri ndo utafute salfa: niliyowaambia vijana wa Mtwara wanaokwenda nchi za baridi

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, wazee wangu shikamooni. Wadogo zangu marahaba, nimewasikia. Wale mliokaa nje kwenye kivuli cha mwembe naomba msogee ndani, nafasi ipo, na humu ndani nina kitu cha kuwaonyesha mwishoni.

Mimi ni mtoto wa hapa hapa, nimezaliwa Mikindani, nimekulia Shangani, halafu nikaenda Ufini nikakaa Helsinki miaka 6 nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Ufini wazee wa humu mnaijua kuliko hawa vijana, maana Wafini walikuja huku kusini na miradi ya maji toka miaka ya 70, baadaye ikaja RIPS, ule mradi wao wa maendeleo ya vijijini, kwa Mtwara na Lindi, na naona kuna nyuso humu zilifanya nao kazi. Wao walikuja kwenye jua letu, sisi tukaenda kwenye giza lao, na hilo giza ndo nimekuja kuliongelea. Kwa sababu wakati naondoka nilielezwa kila kitu, koti zito, buti, namna ya kufungua akaunti benki, lakini hamna mtu hata mmoja aliyeniambia kwamba ikifika mwezi wa 11 nitaamka nalia na sijui nalilia nini.

Ngoja niwape hesabu kwanza. Mtwara tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo siku yetu ndefu kabisa ya Desemba na ile fupi kabisa ya Juni zinapishana kama saa moja na dakika kidogo tu. Ndo maana hata kwenye kipupwe, kusi linavuma watu wanavaa sweta, hakuna anayekaa kuhesabu jua limezama saa ngapi. Sasa Helsinki zile siku fupi kabisa za mwezi wa 12 jua linachomoza saa 3 na dakika 20 na kitu asubuhi, saa 9 na robo alasiri limeshazama. Mchana wote haufiki masaa 6. Na hilo la kuchomoza ni la kwenye kalenda, mara nyingi juu kuna wingu zito kama sufuria limefunikwa. Ukipanda kaskazini kabisa, Utsjoki huko, jua halitoki kabisa siku kama 50. Mimi nilikuwa naingia zamu saa 1 asubuhi giza, natoka jioni giza, yaani kuna wiki mchana nilikuwa nauona kupitia dirisha la jikoni tu wakati naosha vyombo vya wazee.

Na watu wanadhani kibaya ni theluji. Theluji ikianguka ni afadhali kabisa, maana ni nyeupe, mwanga kidogo uliopo inaurudisha juu na mji unang'aa. Kibaya ni Novemba kabla theluji haijaja, mvua nyembamba, miti imebaki vijiti, lami nyeusi, anga nyeusi. Wafini wenyewe mwezi huo wanauita marraskuu, na hilo neno lina maana ya mauti ndani yake. Wenye nchi wameupa mwezi jina hilo, mgeni kutoka Mikindani ataupitaje salama bila kuambiwa?

Sasa nilichokiona mimi. Kwanza usingizi, nalala masaa 10, 11, naamka nimechoka kama sijalala. Halafu njaa ya ajabu, sio ya samaki wala mboga, ni mkate, wali, biskuti, sukari, nakula nasikia nafuu dakika 10 halafu inarudi. Nikanenepa. Simu ya nyumbani ikiita naiangalia mpaka inakatika, sio kwamba siwapendi, nilikuwa najiuliza nitaongea nini. Marafiki wakiniita Jumamosi nasema nina mafua. Kuoga kwenyewe ilikuwa kama kupanda mlima. Mama akasikia sauti yangu akasema mwanangu umerogwa, kuna mtu kakuonea wivu wa safari, ndugu wakachanga wakasoma dua, na dua nawashukuru mpaka leo, ilinitia nguvu kujua kuna watu wananiombea. Lakini hakuna aliyekuwa ameniroga. Nilikuwa nimekosa mwanga.

Naomba hapa mnisikilize vizuri, maana hiki ndo kilichonileta. Hiyo hali ina jina, madaktari wanaiita sonona ya msimu, na aliyeiandika kwa mara ya kwanza kitaalamu, mwaka 1984, ni daktari Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini. Alitoka Johannesburg kwenye jua akaenda New York kusomea zaidi, baridi ilipofika akaona nguvu zinamwishia, majira ya kuchipua yakaja zikarudi, mwaka mwingine tena hivyo hivyo. Akaanza kuuliza watu, kumbe wako wengi. Yaani mtu aliyelipa jina hili jambo naye alikuwa mgeni aliyetoka bara letu. Mimi niliposoma hilo nilikaa chini nikashusha pumzi, nikasema kumbe sio imani yangu iliyopungua.

Jinsi inavyofanya kazi ni hivi. Mwili una saa yake ndani ya ubongo, na anayeipa majira hiyo saa ni mwanga unaoingia kwenye macho, hasa wa asubuhi. Giza likiingia ubongo unaachia homoni inaitwa melatonini, ndo inakwambia lala, asubuhi mwanga ukipiga macho inazimwa. Sasa asubuhi ikiwa giza saa inachelewa, mwili uko kazini lakini ndani bado ni usiku. Taa ya nyumbani haitoshi, jamani. Mwanga unapimwa kwa kipimo kinaitwa laksi, sebule yenye taa inayowaka vizuri usiku haivuki laksi mia chache, wakati nje hata siku ya mawingu mchana unapata elfu na kuendelea, na jua letu hili la saa 6 linafika laki moja. Jicho linadanganyika kwa sababu linazoea, unadhani chumba kina mwanga wa kutosha kumbe una njaa ya mwanga.

Na sio kukosa shukrani. Ufini toka 2018 kila mwaka inatajwa ya kwanza kwenye ile ripoti ya furaha duniani, na bado watu wake wanapata huzuni ya baridi, wanawake zaidi ya wanaume, vijana zaidi ya wazee. Kwa hiyo mtu asije akakwambia umepata bahati ya kwenda Ulaya halafu unanuna.

Haya, tufanyeje. Humu ndani karibu wote tumelelewa na korosho, si ndio? Mkulima wa korosho hasubiri auone ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, umeshamwaga unga mweupe kwenye maua ndo aanze kuulizia salfa ya kupulizia iko wapi. Mkorosho ukianza kuchipua na kutoa maua, mwezi wa 6, wa 7, anapulizia, na anarudia. Akisubiri ugonjwa uonekane, maua yameshakauka. Na huzuni ya baridi ni hivyo hivyo. Ikishakushika hutakuwa na nguvu ya kupanga chochote, kwa hiyo mambo yako yapange Septemba wakati bado una akili yako yote na hamu yako yote. Mimi mwaka wa kwanza nilisubiri, mwaka wa pili nikapulizia mapema, na ilikuwa baridi ile ile, chumba kile kile, lakini nilikuwa mtu mwingine.

Salfa ya kwanza ni kutoka nje mchana. Kila siku, hata dakika 20, 30, mwanga ukiwepo, iwe mawingu iwe manyunyu. Aliyenifundisha ni bibi mmoja niliyekuwa namhudumia, amevuka miaka 80, anatembelea kigari chake cha kushikilia, na kila siku kabla ya chakula cha mchana lazima tuvae tutoke, mimi namwambia bibi leo baya kabisa, yeye anasema mwanga haukufuati ndani, wewe ndo unaufuata. Basi wengine tunaomba mapumziko ya chai yahamishwe yaje mchana, unakula mkate wako unatembea. Na ukitembea umepata dawa mbili kwa mpigo, maana mwendo wa miguu wenyewe unainua moyo, hata ukiwa hupendi. Hapo ndo siri ilipo, usisubiri hamu. Hamu haiji kwanza. Unavaa viatu bila hamu, unashuka ngazi bila hamu, unafika kwenye kona ya pili ndo kitu kinafunguka kifuani. Moyo unafuata miguu. Ukisema nitatoka nikijisikia vizuri utakaa ndani mpaka Machi. Ila ukitoka kwenye giza vaa kile kinachong'aa ambacho magari yanakiona, kule watembea kwa miguu wanatakiwa kuvaa.

Kuna mji Norwei unaitwa Rjukan, uko bondeni kati ya milima, toka Septemba mpaka Machi jua halifiki chini kabisa. Mwaka 1928 walijengewa gari la kamba ili watu wapandishwe mlimani wakaote jua, halafu 2013 wakaweka vioo 3 vikubwa juu ya mlima, vinageuka kulifuata jua na kulimulika kwenye kiwanja cha mji. Watu wanakuja kusimama pale pale kwenye duara la mwanga. Nikikumbuka sisi tunavyofunga madirisha kulikimbia jua hapa, nikawaza wenzetu wamejenga vioo kulivuta, nililia, na nililia kwa kuelewa.

Salfa ya pili ni taa maalumu, ya laksi 10,000. Unakaa nayo asubuhi dakika 20 mpaka 30, umbali kama wa mkono, huikodolei macho, unakula uji wako, unasoma, inakumulika usoni. Asubuhi tu, ukiwasha usiku utakosa usingizi. Nunua ile iliyochujwa ile miale inayounguza, na mwenye ugonjwa wa macho, au mwenye historia ya ugonjwa wa akili ule wa hisia kupanda na kushuka sana, aongee na daktari kwanza, hilo nalisema kwa msisitizo. Ni bei kidogo lakini wawili watatu mnaweza kuchangia mkaishi nayo.

Ya tatu ni watu. Weka ahadi na mtu, sio na nafsi yako, maana nafsi Novemba inavunja ahadi zote. Sisi tulikuwa Watanzania wanne na dada mmoja wa Mombasa, kila Jumamosi zamu ya kupika, pilau, samaki wa nazi, ikipatikana korosho kutoka nyumbani tunazigawa kwa kuhesabu. Sheria moja, ukisema una mafua tunakuja kwako na sufuria. Iliniokoa hiyo. Na wenyeji wana sauna, karibu milioni 3 kwa watu milioni 5 na nusu, ukikaribishwa nenda, joto la namna ile na maongezi yake ni kitu kikubwa.

Chakula nalipitia haraka, mwili utadai wanga na sukari, usiunyime kabisa ila anza na maharage, mayai, samaki, ndo wali ufuate. Vitamini D meza, sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua la muda mrefu zaidi kuitengeneza na jua la kule baridi halina nguvu, lakini ni ya mifupa zaidi, usitegemee ikufute machozi. Pombe mnaijua, inakuchangamsha jioni inakudidimiza kesho yake na usingizi inauharibu.

Sasa sehemu nzito. Ikipita wiki mbili huwezi kuamka, huli au unakula tu, na hasa ukianza kuona bora usingekuwepo, hapo sio pa kutembea wala kupika pilau, hapo ni daktari siku hiyo hiyo, na Ulaya namba ya dharura ni 112. Kuna tiba ya mazungumzo, kuna dawa, watu wanapona. Kumwambia daktari sio aibu kwa familia. Naomba wazazi muwaambie hivyo watoto wenu kwa midomo yenu kabla hawajapanda ndege.

Mama pale ameuliza, na sisi tunaobaki je, mbona na huku kuna miezi moyo unabana. Kweli mama, Januari mpaka Machi hela ya korosho imeisha, mvua inapiga, shambani bado. Ile haitokani na kukosa mwanga, ni mfuko na mawazo, dawa yake ya kwanza sio taa. Lakini hilo la kutosubiri hamu na la kutokaa peke yako linafaa huku pia, nenda barazani kwa mwenzio hata kama huna la kusema.

Na mzee ameuliza, mtoto akiwa kule tumsaidieje kwa simu. Mzee wangu, muda wa kule hautupi shida, baridi wanatofautiana na sisi saa moja tu na joto tuko sawa, kwa hiyo unaweza kumpigia mchana wake. Usianze na umetuma au hujatuma. Muulize leo umetoka nje? Jua mmeliona? Akisema hajatoka mwambie vaa koti utoke na simu, tutembee wote, na mgeuzie kamera auone uani kwako. Mama yangu alikuwa ananionyesha kuku wake. Kila siku kuku wale wale, na kila siku nilitoka.

Haya, kile kitu nilichosema ndo hiki, taa yangu ya miaka 6 nimerudi nayo. Kijana ichomeke hapo. Fungeni mapazia yote, na mlango. Mnaona? Hiyo ndo laksi 10,000, sogeeni mmoja mmoja mkae mbele yake muisikie usoni, hiyo ndo ilikuwa asubuhi yangu. Mmeshapita wote? Basi mama uliye karibu na mlango, fungua wote, wazi kabisa.