Taa ya Tairi Ikiwaka Baada ya Kutoka kwa Fundi

Mhadhara kwa madereva na mafundi wa matairi, Ngamiani, Tanga

Asalamu alaikum. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Mafundi wa hapa Ngamiani, na wale mliotoka Chumbageni na Pongwe, ahsanteni kwa kufunga kazi asubuhi hii, maana najua Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Madereva nanyi karibuni. Nimeombwa nizungumzie taa moja tu ya kwenye dashibodi, na sitatoka nje ya hiyo.

Ni ile ya njano, yenye mchoro wa tairi lililokatwa, wazi kwa juu, na alama ya mshangao katikati, inayoonya kwamba upepo wa tairi umepungua. Kesi yake huwa moja. Gari limeingia kwa fundi halina taa, limetoka lina taa. Dereva anasema fundi kaniharibia. Fundi anasema mimi nimeziba pancha na tairi limekaa, hayo ya taa mpelekee fundi umeme. Fundi umeme anafungua, anatafuta waya kwenye gurudumu, na sensa, yaani kile kidude cha kupimia kilicho ndani ya tairi, haina waya. Siku ya tatu mwenye gari ameshaizoea taa, anaenda nayo Dar na watoto ndani. Msimamo wangu ni huu, na nitautetea hapa mbele ya mafundi wenyewe: taa hiyo ni sehemu ya kazi ya tairi. Ukivua tairi la gari lenye mfumo huu wa kuchunga upepo, kazi yako haijaisha mpaka ujue taa inasema nini.

Tuanze na magari yenyewe. IST, Passo na Noah zilizotengenezwa kwa soko la Japani nyingi hazina mfumo huu, ndiyo maana fundi anaweza kuvua matairi miaka mingi asikutane nao. Marekani walitunga sheria ya mfumo huu mwaka 2000, baada ya matairi ya Firestone yaliyofungwa kwenye Ford Explorer kubanduka ngozi ya juu magari yakiwa mwendoni, na watu zaidi ya 200 wakafa. Kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya lililotengenezwa kwa soko la kule lilitakiwa kuwa na taa hii. Ulaya, Uingereza ikiwa bado ndani, wakalazimisha kwa magari yote mapya ya abiria kuanzia Novemba 2014. Kwa hiyo BMW, Land Rover au Volkswagen ya 2015 kutoka Uingereza ikiingia kwako, ihesabu kuwa inao mpaka uhakikishe haina.

Mfumo wenyewe uko wa namna mbili, na ukikosea namna utahangaika bure.

Namna ya kwanza haina kitu chochote ndani ya tairi. Gari linatumia sensa za ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukishika breki, kuhesabu mizunguko ya kila gurudumu. Tairi lililopungua upepo linakaa chini kidogo, duara lake linakuwa dogo, kwa hiyo linazunguka haraka kuliko wenzake. Kompyuta ikiona tofauti hiyo, inawasha taa. Gari la namna hii ukibadilisha tairi, ukihamisha la mbele kwenda nyuma, au ukijaza upepo tu, kompyuta bado inashika hesabu ya zamani. Lazima uiambie ianze upya, kwa kitufe au kwenye menyu ya kioo cha dashibodi. Hapa pana hatari ambayo watu wengi hawaijui: ukibonyeza wakati upepo hauko sawa, umelifundisha gari kwamba hali ile mbovu ndiyo sahihi. Taa itazimika na tairi litabaki na shida yake. Upepo kwanza, kitufe baadaye.

Namna ya pili ina sensa ndani ya kila gurudumu. Shika rimu ya gari la namna hiyo uangalie kwa ndani, pale valvu inapoingilia. Utaona kidude cha plastiki cheusi, upana hauzidi vidole viwili, kimefungwa kwenye mguu wa valvu. Kina betri ndogo iliyozibwa humo humo, haibadilishwi, na huishi kati ya miaka 5 na 10. Kinapima presha na joto, kisha kinarusha taarifa kwa redio. Magari ya Ulaya mengi hutumia masafa ya megahezi 433, ya Marekani 315, na kila sensa ina namba yake peke yake ambayo gari limeisajili. Kwa hiyo sensa nzima kabisa, ukiitoa kwenye gari moja ukaifunga kwenye jingine, gari haliijui mpaka isajiliwe. Na kama masafa ni tofauti, hata kuisajili huwezi.

Sasa tuje kwenye taa imewaka. Kabla hujamgusa fundi umeme, kabla hujanunua sensa, shika geji.

Nasema hivi kwa sababu upepo wenyewe ndio mkosaji mara nyingi kuliko kitu kingine. Mafundi, nisikilizeni vizuri hapa. Wengi wenu mna namba moja ya magari yote. Mteja anasema jaza upepo, mkono unakwenda 30, kwa PSI, kile kipimo cha upepo cha kwenye geji. Chukua gari ambalo kiwanda kimeandika 35. Limetoka Segera saa nane mchana, lami inachoma, matairi yamepata moto. Tairi la moto husoma juu zaidi kwa PSI 4 au 5. Wewe umeona 30, umeridhika, mteja amelipa. Kesho alfajiri tairi limepoa, ndani mna 26 au 25. Hiyo imepungua kwa robo ya kinachotakiwa, na robo ndicho kiwango ambacho sheria ya Marekani inataka taa iwe imewaka. Mteja anawasha gari, taa hii hapa, na anarudi kwako na hasira. Hakuna kilichoharibika. Tairi limekuwa na njaa tangu jana, na taa imesema kweli.

Namba sahihi iko kwenye kibandiko, kwa kawaida nguzo ya mlango wa dereva, ukifungua utakiona. Usitumie namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi. Hiyo ni ya juu kabisa ambayo tairi linaruhusiwa. Kibandiko kikiwa kwa kPa, kipimo kingine cha upepo, gawanya kwa 7 utapata PSI ya karibu sana: 230 inakupa 33 hivi. Na namba ile ni ya tairi la baridi, maana yake gari limelala, au limeegeshwa kwa muda wa saa tatu na zaidi bila kukaa juani. Mteja akija na matairi ya moto, usimkatalie, mwekee PSI 4 juu ya kibandiko, kisha mwambie apime asubuhi kabla hajatoka. Na ile geji ya kwenye mpira wa kompresa, iliyodondoshwa chini kila siku tangu iliponunuliwa, isiwe shahidi wako wa pekee. Geji ya mkononi ni bei ndogo. Dereva naye awe na yake.

Wale mnaopeleka wageni Ushongo na Pangani, mnaopunguza upepo ili gari lipite kwenye mchanga, mnaijua taa hii. Jazeni tena kabla ya kurudi kwenye barabara ngumu.

Tuseme umejaza vizuri, asubuhi, matairi baridi, na taa bado ipo. Itazame namna inavyowaka. Ikiwaka moja kwa moja na kutulia, bado inalalamikia upepo, au inasubiri. Sensa hulala gari likisimama, na huamka gurudumu likizunguka kwa kasi. Kuzunguka mitaa ya Ngamiani kwa mwendo wa bajaji hakutoshi. Toka na gari mpaka Pongwe, dakika 10 hadi 20 kwa mwendo wa kilomita 40 au zaidi, magari mengi yatazima yenyewe. Lakini ukiwasha gari, taa ikawa inawaka na kuzima kwa dakika moja au moja na nusu, kisha ikatulia ikiwa imewaka, hiyo ni lugha nyingine. Inasema mfumo wenyewe ni mgonjwa: sensa haisikiki. Hapo jaza upepo mpaka kesho, haitazima.

Sensa hufa kwa njia mbili kubwa, na moja yake iko mikononi mwetu. Mashine ya kubandua tairi kwenye rimu ina bega linalosukuma ubavu wa tairi kwa nguvu nyingi. Likisukuma penye valvu, kile kidude cha plastiki kinapasuka, na hutasikia mlio wowote. Wanaofanya kwa mkono, tairi liva, ile nondo ya kubandulia, ikizamishwa karibu na valvu inafanya kazi ileile. Kwa hiyo tazama valvu ilipo kabla hujaanza. Valvu ya chuma yenye nati chini yake ni dalili kubwa ya sensa, ingawa ya mpira nayo inaweza kuwa nayo. Bandua upande ulio mbali na valvu. Liva isizame pale. Wakati wa kurudisha, hakikisha mdomo wa tairi hauburuzwi juu ya sensa. Nati ya valvu ikazwe kwa nguvu ndogo, na mpira wake mdogo ubadilishwe, usirudishwe wa zamani. Na hapa kwetu kuna chumvi. Gari linalolala Raskazone au Sahare, valvu ya alumini ikifungwa kifuniko cha shaba, chumvi inavigandisha pamoja. Ukija kufungua, valvu inakatika na sensa inaondoka nayo. Tumia kifuniko cha plastiki. Sindano ya ndani nayo iwe ile ya rangi ya fedha iliyopakwa nikeli. Ya kawaida ya rangi ya dhahabu itagandishwa na kutu humo ndani.

Njia ya pili ni uzee wa betri, na hapa namtetea fundi. Gari la 2014 betri zake zimemaliza umri. Inaweza kufa siku ileile tairi lilipovuliwa, na lawama ikamwangukia asiyehusika. Dawa yake ni ushahidi. Kabla jeki haijaingia chini ya gari, mwite mteja, washa swichi, mtazame dashibodi pamoja. Taa nyingi huwaka kidogo kisha huzimika. Ya tairi ikibaki, imebaki mbele ya macho yake. Na ikiwa haikuwaka kabisa hata mara moja wakati wenzake wamewaka, kuna mtu ameiziba au ameikata.

Hilo la kuziba nalipinga kwa nguvu zangu zote. Tairi lililopungua upepo ubavu wake unakunjika na kukunjuka kila mzunguko, joto linapanda, nyuzi za ndani zinaachia, na linapasuka gari likiwa kwenye kasi. Mnaijua barabara ya kutoka Segera kwenda Chalinze, mnajua mabasi yanavyokimbia pale. Kumuuzia mtu gari lililozibwa taa hiyo ni kumficha jambo la uhai wake. Unaponunua gari, simama mbele ya dashibodi swichi ikiwashwa, uione taa ya tairi ikiwaka na kuzima.

Wakati huohuo msiikabidhi taa kazi ya geji. Tairi la 32 linaweza kushuka mpaka karibu na 24 kabla taa haijasema neno.

Kaka pale nyuma ameuliza kuhusu kitufe cha SET, kwamba amekibonyeza na taa haikuzima. Kwenye Toyota nyingi unakishikilia, swichi ikiwa imewashwa, mpaka taa ipepese polepole mara 3. Lakini kile kitufe kinalifundisha gari kiwango cha upepo, hakisajili sensa mpya. Kama umebadilisha sensa, unahitaji mashine ya kusoma namba yake na kuiingiza kwenye kompyuta ya gari. Na usinunue sensa ya mtumba kwa sababu ni rahisi: betri yake ina umri uleule wa gari ilikotolewa. Kabla hujalipa, hata kwa mpya, muuzaji aisome kwa kifaa cha mkononi, na masafa yalingane na ya gari lako.

Dada yangu hapa mbele anasema matairi yote manne amepima mwenyewe asubuhi, yako sawa na kibandiko, ametembea nalo mpaka Muheza na kurudi, na taa imetulia tu, haiwaki na kuzima. Dada, angalia spea. Baadhi ya magari makubwa yenye spea ya ukubwa kamili yana sensa ya tano humo, na gari linaihesabu. Pengine fundi alichukua spea akaifunga mbele, lile lililokuwa na pancha akalirudisha nyuma bila kulijaza. Ishushe leo, iwekee upepo wa kibandiko, kisha uende nalo tena mwendo wa dakika 20. Ikizima, umepata. Isipozima, niletee Jumatatu, na uje na fundi wako.