Kabla ya Kununua Mashine ya Kupimia Gari la Zamani

Ndugu mafundi, na ninyi wenye magari mlioacha shughuli zenu kuja hapa Nyakato, narudia leo jambo ambalo wengine mmenisikia nikilisema kila ninapopewa nafasi: anayetaka mashine ya kupimia gari la zamani, yaani ile inayosoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari, asianze kuuliza bei, aanze kuuliza gari lake lilitengenezwa mwaka gani na kwa ajili ya soko la nchi gani. Marekani ililazimisha utaratibu mmoja wa kupima, OBD-II, kwa magari ya mwaka 1996 na kuendelea. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari mapya ya petroli. Lakini mengi ya magari yetu yalitengenezwa kwa ajili ya Wajapani wenyewe, ambao sheria hizo hazikuwahusu, na ndiyo maana Toyota ya mwaka 1999 inaweza kuwa na soketi ileile ya pini 16 chini ya usukani, na kompyuta yake isijibu lolote.

Kijana mmoja aliniletea Corolla ya namna hiyo, mafundi wawili wakiwa wamekwisha kumwambia kwamba kompyuta ya gari imekufa, kwa sababu kila kifaa cha bluetooth walichokichomeka kiliwaka, kikaungana na simu, kisha gari likakataa kusomeka. Alikuwa ameanza kutafuta fedha za kompyuta nyingine. Nilichukua kipande cha waya, nikaunganisha pini ya 4 na ya 13, nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikamwambia aihesabu mwenyewe taa ya injini kwenye dashibodi. Ikawaka na kuzimika mara mbili, ikatulia, ikawaka na kuzimika tena mara mbili. Hiyo ni namba ya hitilafu 22, yaani njia ya umeme ya sensa ya joto la maji. Tulipoichomoa soketi ya sensa, vyuma vyake vilikuwa vimeota kutu ya kijani. Tukavisafisha, na moshi mweusi uliokuwa ukitoka kwenye gari ukakoma. Pini ya 16 msiiguse kwa waya huo hata kwa bahati mbaya, kwa maana inabeba umeme wa betri moja kwa moja.

Najua yuko atakayesema kwamba waya ni mambo ya kizamani na kwamba mteja humwamini fundi aliyeshika kifaa chenye kioo mkononi. Mteja huyohuyo ndiye atakayelipia kompyuta isiyohitajika, na hilo mimi siwezi kulinyamazia.

Kwa magari yanayofuata OBD-II, chungulieni soketi: pini ya 7 ikiwa na chuma, na ya 6 na ya 14 zikiwa tupu, gari hilo linazungumza na kifaa kwa njia ya zamani, basi tafuteni kifaa kinachosoma njia hiyo. Vifaa vingi vya kuiga ELM327, ile chipu inayotafsiri lugha ya kompyuta ya gari, vilivyoandikwa toleo la 2.1 vimepunguziwa uwezo na hukwama hapo. Muuzaji asiyekubali kifaa kichomekwe kwenye gari lako kabla ya malipo, mwache na bidhaa yake.

Muda umenibana, kwa hiyo breki za ABS sitazigusa. Itoshe kusema kwamba namba ya hitilafu P0171, ambayo mashine inaweza kukuonyesha, inaeleza mafuta kuwa machache kuliko hewa. Haikuagizi ununue sensa ya oksijeni wakati mpira wa hewa umepasuka. Sasa mwenye Toyota ya zamani ailete hapa kivulini, na mmoja wenu atafute waya.